Solange Peillon na Waridi Lililoinamisha Kichwa

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, Bi. Solange Peillon atavua viatu vyake vya bustani kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Bustani ya Waridi ya Montclavel kwa miaka thelathini na sita. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mtathmini wetu mkuu, yaani mtu anayesimama mbele ya waridi, akalitazama, akalinusa, akaligeuza majani, kisha akatamka alama ambayo hakuna aliyewahi kuibembeleza ikapanda.

Wengi humdhania mtoto wa wakulima. La. Alizaliwa mjini Lyon, na ujana wake ulipita katika karakana ya kutia rangi hariri, mikono ikiwa myekundu Jumatatu na ya samawati Alhamisi. Karakana ilipofungwa, alipanda kilima hiki kutafuta kazi ya muda wa kupalilia. Msimu wake wa kwanza, mkurugenzi wa wakati huo alimsikia akibishana na mgeni kuhusu waridi fulani. Mgeni alisema ni la pinki. Solange akamwambia kwamba pinki si rangi bali ni mtaa mzima, na kwamba waridi hilo lilikaa nyumba ya tatu kutoka kona, kati ya ulimi wa paka na ganda la kamba aliyechemshwa. Mwaka uliofuata alikuwa ameingizwa katika jopo la tathmini.

Tuliofanya kazi chini yake tulijifunza sheria zake bila kuandikiwa. Siku ya kupima harufu, hakuna soseji ya vitunguu saumu asubuhi. Hakuna manukato. Kahawa, baada ya saa nne. Mimi mwenyewe nilirudishwa nyumbani siku moja kwa kosa la sabuni ya kunyolea. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya keki, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa imeegemea upande, akaizunguka akiwa ameweka mikono nyuma.

“Norbert,” alisema, “ladha itakuwa nzuri. Lakini shina halina nguvu.”

Nusu saa baadaye keki ililala juu ya meza. Mke wangu hajamsamehe, ingawa kila Februari humpelekea maandazi ya sikukuu ya kabla ya Kwaresima.

Hata hivyo, wasomaji wa jarida hili wakiniuliza Solange ni nani hasa, sitawasimulia habari za keki. Nitawasimulia habari za Adélaïde Gonnet.

Adélaïde Gonnet ni waridi. Lilizalishwa mwaka 1926 na Claudius Gonnet, mkulima wa miche aliyekuwa na shamba bondeni, pale ambapo leo pana maegesho ya magari, na akalipa jina la mkewe. Ni la ukoo wa mawaridi chotara ya chai, yale yenye ua moja kubwa juu ya shina moja refu, petali zikiwa zimekunjwa kama leso iliyopigwa pasi. Nje ni rangi ya waridi iliyokolea, ndani njano ya siagi, na harufu yake huanza kama majani ya chai makavu ikaishia kwenye ganda la limau. Ukilichuma likiwa limefunguka nusu, unaelewa kwa nini babu zetu walikosa usingizi kwa ajili ya ua.

Lakini lilikuwa na aibu mbili. Ya kwanza, majani yake yalishikwa na madoa meusi kila kiangazi yakapukutika. Ya pili, shingo yake ilikuwa laini. Ua likishafunguka lilikuwa linainamisha kichwa kuelekea ardhini, na mtembeleaji aliona kisogo tu.

Zamani tulipulizia dawa na madoa hayakuonekana. Tulipoacha dawa, mawaridi mengi ya kale yalivuliwa nguo hadharani. Bodi ikaamua kwamba mkusanyiko wote upimwe upya kwa misimu mitatu, na kila waridi litakaloshindwa kufikia alama hamsini katika mia ling’olewe, kwa kuwa nafasi ni finyu na orodha ya yanayosubiri ni ndefu. Adélaïde Gonnet lilipata arobaini na moja. Vichaka vyetu sita ndivyo pekee tulivyovijua duniani kote. Hakuna kitalu kilichokuwa kinaliuza tena.

Tatizo lilikuwa Mzee Anthelme Gonnet, mtoto wa Claudius na Adélaïde. Alikuwa amekaribia miaka tisini, na tangu nianze kazi nilimkuta akija kila Jumapili ya Juni, kofia mkononi, kukaa kwenye benchi mbele ya vile vichaka sita. Akiondoka, aliinua ua moja kwa kidole chini ya kidevu, kama unavyomfanyia mtoto mwenye haya, akalitazama usoni, akaliachia.

Mkurugenzi wetu, Bwana Ferréol Jacquand, alitaka kumwandikia. Solange alikataa. Alisema habari ya namna hiyo haiendi kwa posta. Basi Jumapili iliyofuata alikaa naye kwenye benchi, na mimi niliyekuwa nachuma maua yaliyonyauka kwenye tuta la jirani nilisikia yote.

“Mzee Gonnet, nina habari mbaya. Nimeona bora uisikie kinywani mwangu.”

“Nani amekufa?”

“Bado hajafa mtu. Ni Adélaïde. Hakufika hamsini.”

Mzee aliizungusha kofia yake. “Na aliyempa alama ni nani?”

“Mimi.”

“Wewe! Wewe ninayekuletea divai kila Krismasi!”

“Divai yako nimekunywa, Mzee, na ilikuwa nzuri. Lakini waridi lako, ikifika Agosti, halina jani. Linasimama pale kama fito za maharage. Na uso wake hakuna anayeuona.”

“Ongeza kumi. Kumi tu. Nani atajua?”

“Mimi nitajua. Na wewe utajua. Utakuwa unakuja hapa kila Jumapili kumtazama mama yako akisimama kwa hongo.”

Mzee aliinuka kwa shida, akiikataa mikono ya Solange. “Basi muue kwa haki yako hiyo. Mpige jembe. Ila usinialike mazishini.”

Hakurudi tena kiangazi kile. Benchi lilikaa tupu, kisha likakaliwa na watalii waliokula mikate yao bila kujua wamekalia nini. Alasiri moja nilimkuta Solange bandani akinoa mkasi wa kupogolea ambao tayari ungeweza kukata unywele.

“Unajua, Norbert,” alisema bila kuinua macho, “mtu anaweza kuwa na haki kabisa na bado chakula kisimshuke.”

Oktoba tukapata habari kwamba Mzee Gonnet ameanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, na sasa amelala nyumbani kwa binti yake Odile, ghorofa ya tatu, hatoki. Wakati huo Adélaïde lilikuwa limebakiwa na ua moja tu la mwisho wa msimu. Solange alilikata, akalifunga kwa gazeti lenye maji, akapanda basi.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, na Odile baadaye akayathibitisha, akiongeza chumvi kidogo.

Mzee alipomwona mlangoni aligeukia ukuta. “Odile,” alisema, “muulize mgeni wako: maua ya mazishi siku hizi yanaletwa kabla mtu hajafa?”

“Baba!”

“Muulize tu.”

Odile, kwa aibu, alilichukua ua akatafuta pa kuliweka. Meza ya kitandani ilijaa chupa za dawa. Dirishani palikuwa na paka. Mwisho alipanda kigoda akaiweka glasi juu ya kabati. Solange alikunywa kahawa jikoni, akaaga ukuta na mgongo wa mzee, akaondoka.

Siku chache baadaye simu ya ofisini ikalia. Alikuwa Odile.

“Baba anasema uje.”

“Ana hali mbaya?”

“Sijui ana hali gani. Hasemi. Ila amenyoa ndevu.”

Safari hii mzee alikuwa amelala chali, amefunikwa hadi kifuani, nywele zimechanwa. Hakumsalimu. Alinyoosha kidole juu.

“Tazama.”

“Nalitazama, Mzee. Limefunguka vizuri.”

“Huoni kitu ukiwa umesimama. Wewe umezoea kusimama. Shuka hapa nilipo.”

Solange alichuchumaa kando ya kitanda. Bado haikutosha, mzee akampigia kelele ashuke zaidi. Mwishowe alilala sakafuni juu ya zulia, na viatu vyake vya bustani miguuni, akatazama juu. Ua lilikuwa limeinama kutoka ukingo wa kabati, shingo ile ile laini, na uso wake wote ulikuwa umewaelekea: petali za nje zimegeuka nyuma, ndani njano tupu, kila mkunjo mahali pake. Harufu nayo ilikuwa inashuka.

“Linanitazama,” alisema Mzee Gonnet. “Tangu juzi linanitazama. Miaka sabini nilikuwa namwinua kidevu kwa kidole, nikifikiri ana shingo mbovu. Sisi ndio tuliompanda chini mno.”

Odile aliingia na sinia la kahawa, akamkuta mtathmini mkuu wa Montclavel amejinyoosha kwenye zulia kama aliyezimia. Alisema alikaribia kupiga simu kwa daktari.

Solange alirudi akaenda moja kwa moja kwa Bwana Jacquand. Hakuomba alama zibadilishwe. Arobaini na moja ilibaki arobaini na moja. Aliomba ruhusa ya kubebesha Adélaïde, yaani kuunga vijiti vyake, juu ya mashina marefu ya waridi mwitu, kimo cha mtu mzima, na kuyapanda kule ukingoni kwenye ukuta wa mawe, ambako upepo wa kaskazini hukausha umande kabla madoa hayajajishikiza. Kisha lipimwe upya, misimu mitatu, kama waridi jingine lolote.

Bwana Jacquand ni mtu wa haki na alikuwa na hoja. “Solange, leo ni Gonnet. Kesho watakuja wajukuu wa kila mtu, kila mmoja na waridi la bibi yake.”

“Waje. Kila waridi linaloinamisha kichwa lijaribiwe juu. Yatakayoshindwa nitayang’oa kwa mkono wangu.”

“Na vile vichaka sita vya tutani?”

“Vinang’olewa kama ilivyopangwa.”

Hapo ndipo nilipomwona kuwa ana kichaa. Kubebesha wakati wa baridi ni kamari hata kwa mikono mizuri. Lakini alikata vijiti vyake Januari, akavifukia kwenye mchanga wenye unyevu, na wiki hiyo hiyo mimi na yeye tukachimba vile vichaka. Ardhi ilikuwa na barafu juu. Nilipofika kwenye cha sita, nilisimama.

“Dada Solange, tufiche hiki kimoja nyuma ya banda. Hata Bwana Jacquand atageuka upande mwingine.”

Aliegemea jembe. Alikuwa anakitamani, niliona. “Angalia mizizi, Norbert,” alisema. Ilikuwa imejaa vivimbe kama ngumi za mtoto, ugonjwa ambao hautibiki na unaambukiza udongo. “Na hata kama isingekuwa hivyo. Nimewang’olea watu wengine mawaridi yao. Hawakuwa na banda la kufichia.”

Tukavichoma vyote sita mchana ule. Alikaa mpaka moto ukazimika, mikono mifukoni.

Kibandani alibebesha mashina kumi na mawili. Machi tulikuwa na majonzi: moja baada ya jingine vijiti vilisinyaa na kuwa rangi ya penseli. Solange aliingia kila asubuhi kabla ya kuvua koti, akavitazama, akatoka. Kisha asubuhi moja hakutoka. Nilimfuata, nikamkuta ameinama juu ya shina la tisa, miwani imepanda kwenye paji la uso. Palikuwa na kitu chekundu, kidogo kuliko punje ya mchele. Wiki iliyofuata shina la pili likafuata. Mawili katika kumi na mawili. Ulimwengu mzima ulikuwa na Adélaïde Gonnet mbili, na zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa mpira na nta.

Tuliyapanda ukutani mwezi Mei. Msimu wa kwanza yalitoa maua machache na upepo ukavunja tawi moja. Solange aliyapa alama ndogo, bila kupepesa macho. Msimu wa pili yalikuwa yametanua vichwa kama miavuli, na jopo la Juni lilipokaribia aliandika jina la mwalikwa mmoja zaidi, maana desturi yetu inaruhusu waamuzi wa heshima.

Mzee Gonnet alikuja kwenye kiti cha magurudumu, amevaa tai, Odile akimsukuma na kulalamikia changarawe. Nyonga haikuwa imepona na haingepona. Lakini kiti kile kilimweka mahali hasa palipotakiwa: macho yake yalikuwa chini ya maua. Walipomsogeza ukutani, yalikuwa yanamwinamia kama shangazi wanaomsalimia mtoto. Bwana Jacquand alipata shughuli na kitufe cha koti lake.

Solange alikohoa. “Waamuzi, kazi. Afya ya majani, kwa kumi. Mimi naanza: sita.”

Mzee alivaa miwani. Aliinua jani, akaligeuza. Akashika la pili. La tatu.

“Hili ni nini?”

“Doa,” alisema Solange.

“Na hili?”

“Doa.”

“Halafu unasema sita? Una huruma mno, mwanangu. Tano.”

Bwana Jacquand aliinama. “Mzee, hilo ni waridi la mama yako.”

“Ndiyo maana. Mama alikuwa hapendi kusifiwa kwa yasiyokuwepo. Tano. Endeleeni.”

Umbo la ua alilipa tisa. Kurudia kuchanua, sita, akisema baba yake alidanganya kwenye katalogi. Ilipofika harufu, Odile alimshushia tawi mpaka puani. Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, mwamuzi mmoja akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu.

“Baba,” Odile alinong’ona, “wanangoja.”

“Waache wangoje. Mimi nimengoja zaidi.” Kisha akafumbua macho, yana maji. “Kumi.”

“Mimi ninaandika tisa,” alisema Solange.

“Andika upendavyo. Pua ni yangu.”

Nilimwona Solange akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya benchi. Alimwekea mzee mkono begani, na safari hii haukukataliwa.

Msimu wa tatu ulipokwisha, jumla ilikuwa hamsini na nane. Si alama ya kujivunia. Kuna mawaridi ya kisasa hapa yenye themanini na tano ambayo hakuna anayesimama mbele yake. Lakini Adélaïde lilipita kwa miguu yake lenyewe, kibao chake kikapigiliwa ukutani, na Odile akampelekea baba yake picha. Alifariki Februari iliyofuata, usingizini. Mazishini Solange alikaa safu ya familia kwa sababu Odile alimwita huko.

Leo tuna mashina kumi na manne ya Adélaïde, na vitalu viwili vimeomba vichipukizi vya kubebesha. Mawaridi mengine tisa yenye shingo laini yalijaribiwa juu ya mashina marefu kwenye ukuta ule. Manne yalipita. Matano yalishindwa, na Solange aliyang’oa kwa mkono wake kama alivyoahidi, akiwapigia simu wenyewe mmoja mmoja kabla ya kushika jembe. Kuna mama mmoja wa Vienne aliyemtukana kwa robo saa nzima. Solange alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi kwa huzuni yake, si kwa alama.

Kiti chake kinachukuliwa na Maëlle Thizy, aliyefundishwa naye kwa misimu mitano na ambaye tayari hatumii manukato. Solange anahamia Ardèche na mumewe Lucien, kwenye nyumba ya mawe yenye shamba dogo la vitunguu vya liki na viazi, karibu na mto ambao Lucien amekuwa akiuzungumzia kwa miaka kumi kana kwamba ameuchimba yeye.

Tulitaka kumuaga kwa zawadi kubwa. Mzalishaji mmoja rafiki wa bustani alijitolea kulipa waridi lake jipya jina la “Solange Peillon”, na tukampelekea habari hiyo tukiwa tumejaa furaha, chupa tayari zimefunguliwa. Alifikiri kidogo, akauliza kama limeshapimwa. Tukamwambia bado, liko mwaka wa kwanza.

“Basi nawaomba msifanye,” alisema. “Likipata arobaini na moja, Maëlle atashindwa kulala.”

Dada Solange, tumetii. Waridi limepewa jina lingine na litapambana lenyewe. Sisi wenzako tunakushukuru kwa ukweli ulioutoa kwa upole, kwa mikono iliyotushika tulipokosea kukata, na kwa asubuhi nyingi ulizotufungulia lango. Tunakuombea magoti yasiyouma, mvua ya kiasi, liki nono na siku ndefu za mtoni pamoja na Lucien. Nenda salama, uishi vyema, na ukipita huku kwetu, ujue kahawa yako ipo. Baada ya saa nne.

Norbert Chavassieux, kwa niaba ya wafanyakazi wa Montclavel